Chupa Kumi na Moja Nyuma ya Pazia

Odette amefariki, na tangu juzi simu yangu haitulii. Mpwa wake amefungua kundi la msiba, akaniingiza bila kuniuliza, na humo ndani watu ambao sijawahi kuwaona wanamwita malaika, mama wa wote, mwanamke aliyekuwa na neno tamu kwa kila mtu. Nasoma huku nasonya peke yangu jikoni. Odette hakuwa na neno tamu kwa kila mtu. Kwangu hakuwa nalo hata moja, na mimi sikumwachia nafasi ya kuwa nalo. Jana mchana mpwa huyo aliniandikia pembeni: dada Mwanaidi, wewe uliishi naye Durban nyumba moja na mkafanya kazi mahali pamoja, tunaomba maneno machache ya kusomwa kanisani. Nikajibu sawa. Kisha nikakaa na kalamu saa nzima, na nilichopata ni neno moja tu, "Odette", na hilo nalo nililiandika kavu, bila dada wala mama mbele yake, kama nilivyomwita mwaka mzima wa 2012 nikijua wazi kwamba ananizidi miaka kumi na tano, na kwamba kwao, kama kwetu, huko ni kumvunjia mtu heshima. Basi nitaandika hapa kwanza yale yasiyosomeka kanisani.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na kiburi cha kumtosha mtu wa hamsini. Maabara yetu ilikuwa Bluff, kando ya bandari ya Durban, ghala la zamani lililokatwakatwa vyumba kwa mbao nyeupe, na dirisha la chumba changu lilitazama mashine za bandarini zikinyanyua makontena kutwa nzima. Nje kulikuwa na nyani wadogo wenye nyuso nyeusi waliojua saa ya chakula cha mchana kutuzidi sisi, na harufu ya mafuta kutoka viwandani iliyoingia hata ukifunga dirisha. Ndani kulinukia spiriti na jeli iliyochemshwa. Kwenye rafu, chini ya taa zilizowaka saa kumi na sita kwa siku, kulikuwa na mamia ya chupa za kioo, na ndani ya kila chupa vichipukizi vya mwanzi vimesimama kwenye jeli, vya kijani kibichi, vyembamba kama njiti za kiberiti. Nilivipenda kuliko nilivyowapenda watu. Hilo silisemi kwa kujisifu.

Mwanzi ni mmea mkaidi. Unaweza kukaa miaka thelathini, arobaini, bila kutoa ua hata moja, na ukishatoa maua mara nyingi unakufa. Mtu anayetaka kuboresha mahindi huchukua chavua ya huyu akampandishia yule, na msimu ukiisha anaona alichopata. Kwenye mwanzi utasubiri ua mpaka uzeeke. Ndiyo maana Daktari Lorna, mwenye mradi, mwanamke mrefu aliyevaa kandambili maabarani na kutukataza sisi kuzivaa, alichagua njia ya mkato: badala ya kuoanisha mianzi miwili, tuchukue mmoja tuuongezee kile ulicho nacho tayari. Kila seli ya mwanzi wetu ilikuwa na kromosomu sabini na mbili, zile nyuzi ndogo zinazobeba urithi wa mmea. Seli inapotaka kugawanyika hunakili zote kwanza, kisha hujigawa katikati, nusu huku, nusu kule. Kuna dawa, kolkisini, inayozuia ile hatua ya mwisho. Seli inabaki na nakala zote tumboni, mia moja arobaini na nne mahali pa sabini na mbili. Ukibahatika, kichipukizi kinachotoka kwenye seli hiyo kinakuwa mwanzi mpya, wenye seli kubwa na majani mazito na, hivyo ndivyo Daktari alivyotarajia, shina lenye ukuta mnene. Usipobahatika umeua tu, maana kolkisini ni sumu, kwa mmea na kwa mtu.

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na maneno yake yalikuwa mafupi. Nikipata mwanzi mmoja uliozidishwa, uliothibitishwa chini ya hadubini, kabla maabara haijafungwa Desemba, ningebaki kusoma shahada ya uzamivu. Nisipopata, narudi nyumbani. Mwanzi mmoja tu. Sikulala wala kuamka bila kuufikiria, na yeyote niliyehisi amesimama kati yangu na huo mwanzi nilimweka kwenye orodha ya maadui.

Odette aliingia kwenye orodha hiyo wiki ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Yeye ndiye aliyeosha chupa na kupika jeli. Alitoka Bukavu, na huko kwao alikuwa mhandisi wa kilimo mwenye cheti na muhuri, lakini Durban cheti kile hakikumfikisha mbali zaidi ya sinki. Jumamosi alisuka nywele katika saluni ya mwenzao mjini. Nililetewa habari hizo zote na sikuzitia maanani. Siku ya tatu nilimaliza kuloweka vichipukizi vyangu kwenye kolkisini, nikachukua zile chupa zenye mabaki ya dawa, zikiwa zimefungwa karatasi ya fedha kuzuia mwanga, nikaziweka kwenye beseni lake pamoja na chupa nyingine za kawaida. Sikuandika kitu, sikusema kitu. Nilikuwa na haraka. Angezishika kwa mikono mitupu, kama alivyoshika nyingine zote. Lakini alikuwa anaijua karatasi ile ya fedha na maana yake. Mchana, nikiwa nimekaa mezani nimefungua kopo langu la wali, alikuja na glavu mikononi, akazipanga zile chupa mbele yangu mojamoja, kuzunguka wali wangu.

"Hii njo chakula yako ya leo," alisema. "Weye uliniwekea, na miye ninakuwekea."

Watu wote walikuwa wanatazama. Mtu mwenye akili angesema samahani, dada, nimekosa. Mimi nilisimama nikamwambia kwamba kama anaogopa chupa basi amekosea kazi. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Najua tu kwamba yalinipa raha kwa muda wa kama dakika moja, na kwamba kuanzia hapo hakuniita jina langu tena. Nilikuwa "Tanzania". Tanzania amemaliza spiriti yote. Tanzania ameacha taa. Alisema hivyo nikiwa nimesimama palepale.

Ningeweza kuvumilia kama tungeachana saa kumi na moja jioni. Lakini Daktari Lorna, kabla sijafika, alikuwa amenitafutia chumba, na kwa wema wake akaona litakuwa jambo zuri nikikaa na mtu wa kazini anayezungumza Kiswahili. Chumba kilikuwa mtaa wa Overport, ghorofa ya pili, kwenye fleti ya Odette. Tulipanda taxi moja asubuhi, zile daladala za kule, tukashuka mjini tukapanda nyingine, kila mtu na safu yake, na jioni tukapanda ngazi zilezile, yeye mbele mimi nyuma. Fleti ilikuwa na sebule ndogo yenye kochi la plastiki, vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta usiozuia hata kikohozi, na jiko lenye dirisha lililotazama nyuma ya duka la nguo za Kihindi. Tuligawana jokofu kwa kipande cha gundi ya karatasi: juu langu, chini lake. Aliivuka ile gundi mara moja tu, akaninyang'anya nafasi ya mayai, nami nikahamisha samaki wake wa chumvi nikaweka kwenye ngazi. Mambo ya watoto, nayaandika leo nikiwa mtu mzima mwenye miwani, na bado nasikia hasira kidogo kuhusu yale mayai.

Chakula ndicho kilichokuwa uwanja wa vita. Alipika sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, kwa saa nyingi, kwa mawese na samaki wa chumvi, mpaka mapazia na nguo zangu vyote vikanukia. Mimi nilikaanga dagaa walioletwa na mtu kutoka Dar nikijua hawezi kuvumilia harufu yao. Unga tulinunua wa aina moja, dukani pamoja, rafu moja, na tukabishana hata huo unapikwaje. Wake mlaini, wangu mgumu, na kila mmoja alimtazama mwenzake akila kama anayetazama ajali. Jumapili alikwenda kanisani asubuhi na kurudi alasiri akiwa na watu wawili watatu wa kwao, wakala, wakaimba, wakacheka kwa sauti, na mimi nikajifungia chumbani nikisoma makala kuhusu mianzi, nikiwachukia kwa kucheka kwao. Hakuna aliyenikaribisha. Kusema kweli, mara ya kwanza walinikaribisha, nikasema nina kazi.

Ilikuwa kupitia ukuta ule ndipo niliposikia nilichosikia. Alikuwa anaongea na dada yake wa Bukavu kwa simu, jioni, akipiga pasi. Nilisikia pasi ikigonga meza. Alikuwa anasimulia habari za kazini, nani amefanya nini, na mimi niliposikia neno Tanzania nikaacha kutafuna.

"Ule mutoto iko na mikono ya muzuri, vraiment," alisema. "Lakini macho hana. Anaonaka tu bitu birefu."

Eti naona vitu virefu tu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kumaliza kula. Nililishika lile la macho nikaliacha lile la mikono. Nilikuwa na macho mazuri kuliko mtu yeyote pale Bluff. Nilihesabu kromosomu kwenye hadubini hata kwa saa mbili mfululizo bila kupumzika. Nikaapa kumwonyesha.

Sasa ni lazima nieleze mikono yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyoniponza. Kila baada ya wiki nne, vichipukizi vinamaliza chakula cha jeli na inabidi kuvihamisha. Unakaa mbele ya kabati linalopuliza hewa safi, unachoma kibano kwenye moto, unatoa kichaka cha vichipukizi, unakikata vipande, unachagua vile vizuri na kuvipanda kwenye chupa mpya. Vilivyobaki vinakwenda kwenye ndoo, na ndoo inakwenda kwa muosha chupa avichemshe kwenye jiko la mvuke, avitupe. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, hivyo ndivyo anavyofundishwa kila mtu wa kazi hii: chukua virefu, vyenye afya, vyenye kukua haraka, tupa vifupi, vilivyopinda, vilivyochelewa. Mikono yangu ilikuwa na kasi mpaka Daktari aliwaleta wageni kunitazama. Chupa mia moja kwa siku bila ukungu hata mmoja. Na kila wiki nne ndoo yangu ilijaa.

Mwezi wa saba, Odette alikuja mlangoni kwangu maabarani na kimoja cha vile nilivyotupa, ndani ya chupa. Ndiyo mara ya kwanza kuniongelesha kwa utulivu tangu ile siku ya wali. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kulikuwa na kichipukizi kifupi, kinene, majani yake mapana yamekunjamana, rangi yake ya kijani imekolea mpaka karibu nyeusi.

"Ona hii," alisema. "Iko mufupi, lakini majani yake iko nene. Hii si ugonjwa."

Sikunyanyua hata kichwa. Nilimwambia kazi yake ni kuosha chupa, si kuzisoma. Akaondoka na chupa yake. Nikaendelea kupanda virefu vyangu.

Mwezi wa tisa nilianza kuhesabu. Unakata ncha ya mzizi asubuhi, seli zikiwa zinagawanyika, unailaza kwenye maji ya barafu, unailoweka kwenye spiriti na asidi, unailainisha, unaipaka rangi, kisha unaibana kati ya vioo viwili kwa kidole gumba mpaka seli zitawanyike, na chini ya hadubini unaziona kromosomu, vijiti vidogo vya zambarau. Kwenye mwanzi ni vingi na ni vidogo kupita kiasi. Nilihesabu mzizi wa kwanza, sabini na mbili. Wa pili, sabini na mbili. Nilihesabu wiki tatu, chupa baada ya chupa, vile virefu vyangu vizuri vya kuvutia wageni, na vyote vilikuwa mwanzi uleule tulioanza nao Januari. Nilianza kuota namba ile. Nilianza kuichukia.

Daktari Lorna aliniita ofisini. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Aliuliza nini kimeharibika, na akasema kwa nguvu ya dawa ile lazima kulikuwa na seli zilizozidishwa, zimekwenda wapi? Alinitazama akisubiri. Na mimi, nikiwa nimeona ndege ya kurudi nyumbani ikinisubiri, nilifungua mdomo nikasema labda jeli. Labda aliyepima dawa za jeli hakupima sawasawa. Sikutaja jina, maana aliyepima alikuwa mmoja tu. Nilijua ni uongo wakati ninausema. Nilikuwa nimemwona Odette akipima, kwa mizani ya gramu, akizuia pumzi unga usiruke, akiandika kila kipimo kwenye daftari kwa mwandiko wa shule za masista. Hakuna mtu pale aliyepima sawasawa kuliko yeye.

Jumatatu iliyofuata alitolewa kwenye chumba cha kupikia jeli. Akabakiziwa sinki. Yule mhandisi alikuwa na kitu kimoja Durban kilichofanana na kazi aliyosomea, nami nilikichukua kwa neno moja. Jioni ile jikoni alikuwa anakatakata vitunguu, kisu kikipiga ubao polepole. Nilingoja atukane ili nami nipate pa kuanzia. Alinitazama tu, akasema, "Miye nimepimaka dawa mbele weye hujajua kusoma," akarudi kwenye vitunguu vyake. Nikaenda chumbani nikalala na njaa, si kwa toba bali kwa sababu sikutaka kupita karibu na kile kisu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu uliyemdhulumu ndiye unayemchukia zaidi. Kabla ya hapo Odette alinikera. Baada ya hapo sikuweza kuisikia hata sauti ya kandambili zake. Nilitaka apatikane na kosa, kosa lolote la kweli, ili lile la uongo lipate mahali pa kukaa. Kwa hiyo Jumapili moja ya Oktoba, yeye akiwa kanisani, niliingia chumbani kwake. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa kwa mkazo, picha ya watoto wawili, meza ya pasi. Na nyuma ya pazia, kwenye kibaraza cha dirisha, kulikuwa na chupa kumi na moja za maabara.

Nilifurahi. Nasema hivi kwa sababu nimeamua kusema kila kitu: nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Mwizi. Nilizisogelea. Ndani yake mlikuwa na vichipukizi vifupi, vinene, vya majani mapana yaliyokunjamana, na kila chupa ilikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa, mwandiko uleule wa masista: namba ya kundi langu, tarehe niliyovitupa, na juu yake neno moja, "Kibaya", na namba. Kibaya 1. Kibaya 2. Mpaka kumi na moja. Alikuwa amevihamisha mwenyewe kwenye jeli mpya, kabla hajafukuzwa chumba cha kupikia, labda wakati sisi tunakula. Vilikuwa vimetoa mizizi. Nilichukua Kibaya 4, iliyokuwa na mizizi mingi, nikazisogeza nyingine kuziba pengo, nikaificha chini ya nguo zangu kabatini.

Nia yangu ilikuwa kumpelekea Daktari. Lakini nilitaka niwe na mashtaka kamili, niseme ameiba nini hasa, kwa hiyo Jumatatu nilikata ncha za mizizi, na Jumanne nikazibana kwenye vioo. Nilipata seli moja iliyotawanyika vizuri. Nikahesabu. Nilifika sabini na mbili nikiwa sijamaliza hata nusu ya seli. Nikaanza upya. Nikafika mia moja. Nikafika mia moja na thelathini na kitu, hapo nyingine zilikuwa zimelaliana na sikuweza kuendelea, na haikuwa na maana kuendelea. Nilikaa nikaangalia bandari. Mashine ilikuwa inashusha kontena jekundu, taratibu, na nilielewa kila kitu kwa mkupuo. Dawa ilikuwa imefanya kazi tangu Januari. Kwenye kila kichaka kulikuwa na seli zilizozidishwa na seli za kawaida, zikiishi pamoja. Za kawaida ni nyepesi, hugawanyika haraka, hukimbilia juu. Zilizozidishwa zina mzigo, hukua polepole, hutoka fupi na mbaya. Na kila wiki nne mimi, kwa mikono yangu mizuri, nilikuwa nimezichagua za kawaida na kuzitupa kwenye ndoo zile nilizokuwa nikizitafuta. Mwaka mzima.

Kilichofuata kilichukua sekunde chache. Ile chupa ilikuwa mezani, na karatasi yake ikiwa imetazama upande wangu. Niliingiza kucha kwenye kona, nikaibandua. Ilitoka nzima, bila kuchanika. Niliikunja nikaiweka ndani ya daftari langu, nikaandika karatasi nyingine, M-4, herufi ya jina langu kama ilivyo desturi ya maabara, nikaibandika, nikaenda kugonga kwa Daktari Lorna. Nilimwambia nilikuwa nimeweka pembeni baadhi ya vile vifupi. Alitazama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akanikumbatia, na mwili wangu ulikuwa mkavu kama ubao. Nilimwambia pia, nikijiona mwema sana, kwamba jeli haikuwa na tatizo lolote, kwamba Odette alipima vizuri. Akasema basi arudi chumba cha kupikia jeli. Nilijiambia tumelipana.

Jioni Odette alipika. Nilikaa chumbani mpaka nikaona aibu ya kukaa chumbani, nikatoka. Alikuwa amesimama jikoni, mgongo kwangu, akisonga ugali wake mlaini. Bila shaka alikuwa amezihesabu chupa za kibarazani, akajua moja imepungua, tangu Jumapili ileile. Siku mbili nzima alinisikia ukutani na hakusema kitu. Nadhani alitaka nikione mwenyewe kile alichokiona, maana alijua pale Bluff hakuna atakayeitazama chupa ikiletwa na muosha chupa. Nilikuwa nimemthibitishia hilo mimi mwenyewe mwezi wa saba. Nadhani alitegemea kwamba nikishaona, nitasema. Alizima jiko, akageuka.

"Karatasi yangu uliweka wapi?"

"Karatasi gani?" nikasema.

Alinitazama, si kwa hasira. Hasira yake nilikuwa naijua, ningeiweza. Alichukua sahani yake.

"Bon," alisema. "Sasa uko na macho, Tanzania."

Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Kesho yake zile chupa kumi zilikuwa kwenye meza yangu ya maabara, zimepangwa kwa kuzunguka kama alivyozipanga siku ile ya wali, na hakuna hata moja iliyokuwa na karatasi. Alikuwa amezibandua zote mwenyewe. Desemba maabara ilipofungwa aliacha kazi, akahamia saluni moja kwa moja. Mimi nilibaki miaka minne, nikapata shahada yangu. Nilimwona mjini mara mbili. Mara ya kwanza aliniona nikiwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nikisubiri kuvuka, akageuka akapita njia nyingine. Mara ya pili mimi ndiye niliyegeuka.

M-4 ipo bado. Imepandwa mahali pengi sasa, shina lake ni nene kweli, na jina langu liko kwenye makaratasi yote. Nina maabara yangu Morogoro, na vijana wanaoanza kazi huwa nawakalisha siku ya kwanza mbele ya ndoo, nawaambia wasitupe kitu kabla hawajakitazama kile kifupi, kile kibaya, kile kilichochelewa. Wananisifu kwa hilo. Wakiuliza nimejifunzia wapi, huwa nasema kazini.

Ile karatasi ninayo. Nimeitoa leo kwenye daftari la mwaka ule, imekuwa ya manjano, gundi imekauka, mwandiko uko palepale. Nimeitazama, kisha nikachukua simu, na badala ya kumwandikia mpwa pembeni, nikaandika kwenye kundi, wote waone: Dada Odette ndiye aliyeupata ule mwanzi. Aliuona kabla yangu, akautunza dirishani kwake, na mimi nikabandua karatasi yake nikaweka jina langu. Kanisani someni hivyo. Mwanaidi.

Dakika haikupita, zikaja amina, moja, mbili, tano, na mikono ya maombi. Mama mmoja akaandika kabisa, alipendaka sana maua. Mpwa akashukuru kwa maneno mazuri, akawakumbusha watu kwamba basi la makaburini linaondoka saa tatu kamili, waje na miavuli, utabiri unasema mvua. Nimeishika simu mpaka sasa. Hakuna aliyeuliza mwanzi gani.